Skolastika Anaombwa Kusoma Tena

Kirumba, Mwanza. Jumamosi, katikati ya Novemba, jioni.

Mvua ya vuli ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla kabla ya saa sita, na sasa ziwa limetulia kama mtu aliyechoka kulia. Vijidudu vya ziwani vimepanda juu ya maji kama moshi wa kuni mbichi. Majirani wamefunga madirisha. Mimi nimeacha langu wazi, kwa sababu marehemu mke wangu alipenda kutazama makundi hayo yakipita, na kwa sababu nikilifunga chumba hiki hunuka uzee. Naomba radhi kwa kuanza hivyo.

Ukurasa huu wa mtandaoni nilifunguliwa na binti yangu Konsolata baada ya mama yake kufariki. Aliniambia, “Baba, kama huwezi kulia, andika.” Nami nimekuwa nikiandika, kwa adabu na bila haraka, kwa ajili ya wasomaji wachache ambao wengi wao tumeimba kwaya pamoja. Nisameheni kwa kukaa kimya majuma haya. Nilikuwa na jambo ambalo sikuthubutu kuliandika kabla halijaamuliwa.

Leo limeamuliwa.

Jambo lenyewe ni hili. Katika maabara ya hospitali moja, ambayo sitaitaja jina, kuna kipande cha mke wangu.

Nilipoambiwa sikuelewa. Skolastika tulimzika miaka mingi iliyopita kwenye shamba letu karibu na Sengerema, ng'ambo ya ghuba, pembeni ya mahali alipokuwa akilima karanga. Nilidhani tulimzika mzima. Kumbe walipomfanyia upasuaji, kabla ya dawa yoyote, walichukua sehemu ndogo ya uvimbe, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, wakaitia ndani ya nta ili isiharibike, wakaipa namba na kuiweka kwenye droo. Ndivyo wanavyofanya kwa kila mgonjwa, na hakuna aliyenificha. Mimi tu sikuwahi kuuliza. Droo hiyo imekaa na sehemu ya mke wangu miaka yote hii, nami nikipita kwenda Mwaloni kununua dagaa, nikiwaza kwamba yote yaliyobaki yake mjini ni kiti chake na kanga zake.

Wameikumbuka droo hiyo kwa sababu Konsolata anaumwa ugonjwa uleule uliomchukua mama yake, saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi. Amefanyiwa upasuaji na sasa yuko kwenye dripu. Nywele zimekwisha. Anakaa nami hapa Kirumba, ananikaripia nikiweka chumvi nyingi, na mimi humshukuru Mungu kila anaponikaripia.

Daktari wake ni mwanamke kijana, mpole, ambaye husimama mlangoni na kuniamkia “Shikamoo, babu” kabla hajazungumza na mgonjwa. Ni yeye aliyeniketisha kwenye benchi la nje na kunieleza kuhusu protini. Nitajaribu kurudia maneno yake kwa uaminifu. Nikikosea, kosa ni langu.

Kila seli ya mwili, alisema, ina maandishi marefu mno yanayoitwa vinasaba. Yameandikwa kwa mistari miwili inayokabiliana, kiasi kwamba mstari mmoja ukiharibika, mwingine huonyesha ulivyopaswa kuwa. Nayo huharibika kila siku, kwa jua, kwa moshi, hata kwa kuishi tu. Hapo ndipo protini zinapofanya kazi. Ziko zinazopita zikikagua. Ziko zinazosimamisha seli isijigawe mpaka palipovunjika patengenezwe. Ziko zinazotengeneza. Na zipo ambazo, uharibifu ukizidi, huiamuru seli ife kwa utulivu, isije ikazaa seli nyingine zenye maandishi mabovu.

Nilimwambia, “Mama daktari, hiyo kazi naijua.”

Akacheka. Nikamweleza, naye akanisikiliza kwa subira ambayo vijana wengi hawana.

Kabla ya kustaafu nilikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha chapa cha misheni, ambacho sasa hakipo. Jengo lake ni ghala la mabati. Kazi yangu ilikuwa kusoma prufu, yaani karatasi za kwanza zitokazo mashineni, ili makosa yaondolewe kabla kitabu hakijachapwa. Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja. Mmoja alishika prufu na kalamu. Mwingine aliketi upande wa pili wa meza na mswada wa mwandishi, akausoma kwa sauti, neno kwa neno, na vituo vyote. Huyo tulimwita mshika mswada.

Mshika mswada wangu alikuwa Skolastika.

Alikuja pale akiwa msichana kutoka shule ya masista, amevaa sweta la bluu hata siku za joto. Alisoma kila kitu kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayehesabu magunia. Maombi, hesabu za watoto, ushauri wa kutibu ng'ombe, vyote kwake vilikuwa sawa. “Koma. Nukta. Fungua mabano. Funga mabano.” Palipoanza aya mpya hakusema neno. Aligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole. Dirisha letu lilitazama ziwa, na harufu ya wino ilichanganyika na harufu ya samaki wanaoanikwa, na hata leo nikipita Mwaloni asubuhi nasikia, katikati ya kelele za wachuuzi, kile kidole kikigonga.

Nilimpenda katikati ya kijitabu cha kilimo cha pamba. Palikuwa na sentensi iliyosema mbegu zipandwe baada ya mvua ya pili. Mimi mtoto wa mkulima nilijua pamba hupandwa mapema, nikaweka kalamu kwenye karatasi ili nirekebishe. Akanyoosha mkono na kufunika mstari.

“Usiguse,” akasema. “Ndivyo ilivyo kwenye mswada.”

Nikamwambia kwamba mwandishi amekosea. Akasema huenda amekosea na huenda ana sababu yake, na kazi yetu si kudhani, kazi yetu ni kusikia kwanza. Tukapeleka swali kwa mwandishi. Ikaja jibu kwamba alikuwa akiwaandikia watu wa udongo wa kichanga, ambako mvua ya kwanza hupotea yote. Nilijifunza siku ile kwamba jambo geni si lazima liwe kosa. Na nilijifunza kuitazama saa ya ukutani nikitamani isifike saa kumi.

Baadaye, kwenye prufu nyingine ambayo siikumbuki tena, nilijikaza nikamwambia ningependa aje nyumbani kwetu awaone wazazi wangu. Kidole chake hakikutoka kwenye mstari. “Hilo halimo kwenye mswada,” akasema. Kisha akagonga meza.

Ndivyo tulivyooana.

Daktari aliposikia hayo alisema mfano wangu ni mzuri, ila una mahali unapoishia, na akaomba ruhusa kunionyesha hapo. “Babu, protini haijui kusoma. Haina nia. Umbo lake linalingana na mahali palipovunjika, linashika. Umbo likiharibika, halishiki. Basi.” Nilimshukuru. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kwamba ndani yetu kuna kazi ya uangalifu namna ile inayofanyika bila mtu yeyote kukusudia, kwangu ni sababu ya kupiga magoti. Sikumwambia, maana alikuwa na wagonjwa wanaosubiri.

Kisha akanieleza kuhusu dawa. Dawa za dripu, au nyingi kati ya hizo, huingia na kuyavunja maandishi ya seli kwa makusudi. Seli yenye afya husimama, hujitengeneza, au hufa kwa utaratibu. Seli ya saratani mara nyingi imekwisha kumpoteza yule mlinzi wa kusimamisha kazi, kwa hiyo huendelea kujigawa na maandishi yaliyokatika, mpaka inasambaratika. Ikiwa pia imepoteza protini ya kutengeneza, dawa humaliza kazi mapema zaidi. Lakini zipo seli za saratani ambazo protini zake za kutengeneza ni hodari. Dawa inavunja, zenyewe zinaunga. Na zipo ambazo mwanzoni zilikuwa hazijui kuunga, kisha, baada ya kupigwa na dawa muda mrefu, chache kati yao zikaupata tena uwezo huo, zikabaki, zikazaana.

Nikamkumbuka Skolastika. Mara ya kwanza dawa iliyeyusha uvimbe wote. Tulikwenda Sengerema kumshukuru Mungu, akacheza na wanawake wenzake akiwa na kitambaa kichwani. Uliporudi, dawa ileile ilikuwa kama maji. Miaka yote nimejiuliza kama tulikosa kitu, kama ni chakula, kama ni baridi ya kivukoni. Daktari hakusema kwamba kwa Skolastika ilikuwa ni protini, kwa kuwa hakuwepo na hana ushahidi. Alisema tu kwamba hutokea. Hata hivyo nilirudi nyumbani siku ile nikiwa mwepesi kidogo mabegani.

Sasa nije kwenye kiini.

Katika damu ya Konsolata wamekuta badiliko dogo kwenye maandishi ya protini mojawapo ya kutengeneza. Nilipoambiwa, nilitamka neno ambalo msahihishaji yeyote mzee angelitamka. Nilisema, “Basi lirekebisheni.” Daktari akanitazama kwa huruma, akasema kwamba si rahisi hivyo, na kwamba kwanza hawajui kama ni kosa. Watu hutofautiana. Mabadiliko mengi hayana madhara yoyote. Hili ni geni, halijaonekana vya kutosha mahali pengine, na hawawezi kusema kama linaiharibu ile protini au linaiacha nzima.

Tofauti ni kubwa kwa mwanangu. Kuna vidonge ambavyo hupewa mgonjwa baada ya dripu. Huziba njia ya pili ambayo seli hutumia kuziba nyufa ndogondogo. Seli ambayo njia yake ya kwanza imekufa, ukiiziba na ya pili, haina pa kukimbilia. Ikiwa badiliko la Konsolata ni kosa la kweli, vidonge hivyo vyaweza kuuzuia ugonjwa kwa muda mrefu. Ikiwa si kosa, huenda vikamchosha bure. Na dripu zake zinakaribia kwisha.

Walichukua damu yangu. Badiliko halimo kwangu. Naungama hapa kwamba nilisikitika. Nilitamani litoke kwangu, ili Skolastika asihusishwe, alale.

Kwa hiyo limebaki kwake. Ikiwa lilikuwamo ndani ya uvimbe wake, na ikiwa nakala ya pili iliyokuwa nzima, maana kila seli huwa na mbili, moja ya baba na moja ya mama, ilikwisha kupotea humo, na maandishi yote yamejaa makovu ya mivunjiko isiyotengenezwa vizuri, watajua kwa uhakika mkubwa zaidi kwamba badiliko hili ni kosa. Hayo yote yanaweza kuonekana kwenye kile kipande cha nta. Lakini ni kidogo. Ili kipimwe lazima kikatwe vipande vyembamba mno, na baada ya hapo hakitabaki kitu cha kunirudishia.

Daktari aliniuliza kwa upole kama familia inakubali. Nilimwambia kwamba jambo la mwili wa mke wangu si langu peke yangu. Ana kaka, pacha wake, Kulwa, anayeishi Sengerema na kulitunza lile shamba letu. Bila Kulwa kuitwa, kuketi, kula na kusema, mimi siwezi kutoa jibu. Hiyo ni kweli, na ndiyo desturi yetu. Akasema atasubiri.

Lakini sikumpigia Kulwa simu siku ile, wala siku iliyofuata. Zikapita siku kadhaa nikimwambia Konsolata kwamba mjomba wake ana shughuli za shamba. Ukweli ni kwamba sikutaka jambo liamuliwe. Nilikuwa nimekwisha kuchagua moyoni. Nilitaka kwenda maabara na kitambaa cheupe, niombe kile kipande, nivuke nacho na kukizika pembeni yake, ili safari hii niwe nimemzika mzima. Nilikuwa nimepaona hata mahali pa kuchimba. Mzee aliyelelewa na mapadri, mwenye binti mgonjwa ndani ya nyumba, alikuwa akiwaza kitambaa. Nisameheni.

Juzi ndipo nilipompigia Kulwa. Leo asubuhi nilikwenda kumpokea kwenye kivuko cha Kamanga. Siku hizi lipo daraja kule Busisi na watu wanavuka ghuba wakiwa wamekaa ndani ya magari, lakini Kulwa hulikataa. Anasema ukivuka maji bila kuyagusa hujavuka. Alishuka kwenye mvua amebeba mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo Konsolata alivipenda tangu utoto.

“Shemeji, umezeeka,” akaniambia badala ya salamu. “Au ni suti?”

“Ni suti, shemeji.”

“Ivue basi, tusije tukadhani tumekuja kukuzika wewe.”

Nyumbani Konsolata alikuwa ametandika meza. Meza yetu ni ileile ya kiwandani. Walipofunga niliiomba, wakanipa. Alimwamkia mjomba wake, naye akaitikia, akamtazama kichwani bila kuficha.

“Mpwa wangu, umenyolewa bila kuniaga?”

“Dawa imeninyoa, mjomba. Kinyozi wa bure.”

“Hajui kazi. Ameacha masikio.”

Walicheka wote wawili, na mimi nikasikia kicheko cha Skolastika kutoka vinywa viwili. Tulikula sato na ugali. Kwa desturi, hatukuligusa jambo mpaka mikono iliponawishwa. Ndipo nikaeleza. Nilieleza kuhusu droo, nta na ombi la daktari. Nilieleza kwa haraka kuhusu protini. Kisha, kwa urefu zaidi kuliko haki, nikaeleza kuhusu kitambaa cheupe.

Mapacha kwa Wasukuma wana majina yao tangu kuzaliwa, Kulwa anayetangulia na Doto anayefuata, na shemeji yangu hakuwahi kumwita dada yake Skolastika hata siku ya ndoa yetu.

“Doto yuko ndani ya droo,” akasema Kulwa.

“Sehemu yake, shemeji.”

“Na mimi kila nikifagia pale kaburini huwa nahisi hajatimia. Nilidhani ni uzee.” Akafuta macho kwa kiganja. “Aje nyumbani. Nakubaliana na wewe. Aje nyumbani alale.”

Nilipata nilichokitaka. Nilikuwa na idhini ya mtu ambaye idhini yake ilikuwa inahitajika, na sauti yangu tayari ilikuwa inatafuta maneno ya shukrani.

Konsolata hakubisha. Hakutukumbusha kwamba tulikuwa tunaongea juu ya maisha yake. Alikusanya sahani taratibu, kwa kuwa vidole vyake vimekufa ganzi kwa dawa, akaziweka moja juu ya nyingine. “Basi,” akasema. “Kama wazee mmeamua, mmeamua.”

Akagonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, akaenda jikoni.

Sidhani kwamba alijua amefanya nini. Mama yake alikuwa akimaliza mazungumzo kwa namna hiyo nyumbani, habari ikiisha, tuanze nyingine. Hata mwisho kabisa, sauti ilipomtoka, aligonga chuma cha kitanda cha hospitali kunizuia nisiendelee kuomba msamaha. Konsolata alikulia chini ya meza hii, akicheza na vipande vya karatasi, huku juu ya kichwa chake kidole kile kikigonga aya baada ya aya. Lakini sikuwa nimeusikia mlio huo tangu tulipomzika.

Nikawa kiwandani tena. Mimi upande huu na kalamu, niko tayari kurekebisha. Yeye upande ule, mkono wake umefunika mstari.

Usiguse. Sikia kwanza.

Nilikuwa na prufu tu. Konsolata ndiye prufu, na juu yake kuna neno geni ambalo hakuna mtu anayeweza kuliamua kwa kulitazama peke yake, hata akiwa na elimu kiasi gani, mpaka mswada usomwe. Mswada upo. Umehifadhiwa vizuri kwenye nta. Na mimi, msahihishaji, nilikuwa najiandaa kuuzika kabla ya mtu kuusoma. Kiwandani hatukuruhusiwa hata kumrudishia mwandishi mswada wake kabla prufu ya mwisho haijapita. Padri msimamizi angenifukuza kazi.

“Shemeji,” nikamwambia Kulwa, “naomba radhi. Nimekueleza vibaya.”

Nikaanza upya. Safari hii nilianza na Konsolata. Nilieleza kuhusu zile protini za kutengeneza, kuhusu badiliko lisilojulikana, kuhusu vidonge, na kuhusu dripu zinazokaribia kwisha. Nilimweleza kwamba hatuna njia nzuri zaidi ya kujua kuliko kumuuliza mama. Kulwa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Kwa hiyo hawataki kumkata bure,” akasema. “Wanataka asome.”

“Wanataka asome.”

“Kama alivyokuwa akikusomea wewe.”

“Kama hivyo.”

“Na akimaliza kusoma?”

“Hakitabaki kitu, shemeji. Sitaki nikudanganye. Hatutakuwa na cha kuzika.”

Alikaa akitazama meza, alama za wino ambazo hazikutoka kwa sabuni yoyote. “Ile miswada yenu,” akauliza, “ilikuwa inarudi salama?”

Nikafikiri. Nikamwambia kweli. Ilirudi na mafuta ya mashine, na alama za vidole, kurasa zimechanika. Mingine haikurudi kabisa. Tulikuwa tunaomba radhi, na waandishi walikuwa wanapokea kitabu.

“Basi asome,” akasema Kulwa. “Doto hakuweza kukaa bila kazi. Na mwambie huyo daktari, akitaka damu ya pacha, ninayo. Nina mabinti na mimi.” Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. “Konsolata, njoo uchukue michembe yako. Tulikuwa tumekosea.”

Alitoka akiwa na povu la sabuni mikononi. Hakuuliza tumekosea nini. Alitazama uso wa mjomba wake, kisha wangu, akakaa kwenye kiti cha mama yake, kwa kuwa kilikuwa karibu, akalia kidogo. Nilitaka kuomba msamaha kwa kumchelewesha, na nilianza, lakini akasema, “Baba, koma,” nasi watatu tukacheka, kwa sababu hivyo ndivyo Skolastika alivyokuwa akininyamazisha, kwa kunitajia kituo.

Daktari nilimpigia mbele yao. Alishukuru, akanikumbusha kwa uaminifu kwamba majibu yanaweza kuja na bado yasiseme jambo la hakika. Kipande kimekaa muda mrefu na maandishi yaliyomo huchakaa. Nilimwambia naelewa. Nimesoma miswada iliyoliwa na mchwa. Nilimwomba jambo moja tu, kama si usumbufu, kwamba Jumatatu nionyeshwe kile kipande kabla hakijakatwa. Akasema, “Njoo, babu, hata na shemeji yako.”

Kulwa amelala chumba cha nje, anakoroma kama kivuko. Konsolata amejilaza sebuleni na bakuli la michembe kifuani. Vijidudu vya ziwani vimetawanyika, maji yameonekana tena, na kule ng'ambo taa za kwanza zimeanza kuwaka. Zamani, saa kama hii, tulikuwa tukifunga kurasa za siku na kutembea kando ya ziwa kurudi nyumbani, bila kuongea, kwa kuwa alikuwa ameongea kutwa nzima maneno ya watu wengine.

Nimemkosa sana leo. Lakini si kama nilivyomkosa jana. Jana nilimkosa kama kitu kilichobaki kwenye droo. Leo namkosa kama mtu aliyechelewa kidogo kufika kazini, naye anakuja.

Jumatatu nitavaa suti, Kulwa aseme anachotaka. Nitasimama mbele ya kile kipande cha nta, nikiamkie, nimwombe radhi mwenyewe kwa usumbufu. Kisha nitarudi kuketi upande wangu wa meza. Sitatia kalamu popote mpaka nimesikia anachosoma.